Dume jeusi la mwezi wa Nne

Mwaka 2024, mwanzoni mwa Mei, nilimpigia simu baba mdogo kule Kibirizi, Kigoma, kumjulia hali. Nilikuwa nimetoka ziwani juzi yake, na bado nilikuwa na ile furaha ya kijinga ya mtu aliyejaza boksi la barafu. Shikamoo haijakaa sawa nikaanza kusimulia: samaki 20, ambao ndio ukomo wa sheria kwenye ziwa hilo huku Marekani, nimewatoa asubuhi moja kwa ufito na mshipi, nimesimama kwenye maji yasiyofika kiunoni. Akauliza wanapatikanaje kirahisi hivyo. Nikamweleza, tena kwa madaha, kwamba huu ndio msimu wao wa kuzaa. Wamesogea pembeni kutaga, dume anakaa kwenye kiota habanduki, na chochote kikimpitia karibu anakirukia.

Simu ikanyamaza. Nikatazama kioo nikidhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo nyie huko," akasema taratibu, "mnangoja wazae, ndiyo mkawakamate."

Hakuwa anagombeza. Baba mdogo hajui kugombeza. Yeye husema neno moja akakuachia ulibebe mwenyewe. Na wiki ile alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu alikuwa anahesabu siku. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania lilikuwa linapumzishwa ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kushusha wavu, kwa mtu aliyeanza kuvua dagaa enzi za karabai na hana kazi nyingine anayoijua. Mitumbwi inapandishwa mchangani, taa zinafungiwa ndani, na mtoto wa kaka yake anapiga simu kutoka Marekani kumweleza raha ya kuvua samaki juu ya mayai yake.

Kila mwezi wa Nne ukirudi, sentensi ile inarudi nayo.

Samaki mwenyewe anaitwa krapi. Kama humjui usijilaumu, maana ni wa Amerika Kaskazini, kwetu hayupo. Ukimweka mbele ya mtu wa Kigoma atakwambia ni ndugu yake sato: mwembamba ukimtazama kwa mbele, bapa ukimtazama ubavuni, pezi la mgongoni limesimama na miiba yake. Undugu huo haupo, ila mwili umepigwa randa ileile. Wako wa aina mbili. Mweupe ana mistari hafifu inayoshuka wima ubavuni. Mweusi ana madoa yaliyotapakaa ovyo, kama mtu aliyerushiwa wino. Wakikuchanganya, hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8. Si samaki mkubwa. Mweusi mkubwa kupita wote anayetambuliwa kwa rekodi alitoka Tennessee mwaka 2018, na hata yeye hakufika kilo mbili na nusu. Wa kwetu wa kawaida ni robo kilo, akinenepa nusu kilo. Kwa mtu aliyekulia kwenye mwalo unaoshusha sangala, hicho ni kitoweo cha mtoto mmoja.

Jina lake ni ugomvi peke yake. Wenyeji wengine wanasema krapi, wengine kropi, na nimewahi kuwasikia watu wazima wawili wakibishania hilo kwenye foleni ya kununua chambo mpaka muuza duka akawahudumia watu watatu wa nyuma yao. Kule Louisiana wanamwita sac-a-lait, Kifaransa cha mfuko wa maziwa, kwa jinsi nyama yake ilivyo nyeupe. Wapo wanaosema chimbuko ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa kule, ambalo Wafaransa walilisikia wanavyotaka. Jina ninalolipenda mimi ni lile la mdomo wa karatasi. Nitalirudia, kwa sababu liliniadhibu.

Aliyenipeleka ziwani ni mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu moja ya usiku kwenye ghala, Louisville. Mzungu, umri unakaribia sabini, alizaliwa magharibi ya jimbo hili la Kentucky. Kwa miezi kadhaa hatukuwa tumeongea zaidi ya salamu. Usiku mmoja wakati wa mapumziko nilikuwa nakula kichwa cha samaki kwa ugali, nakifyonza hasa, mfupa kwa mfupa, nikainua macho nikakuta ananitazama kwa makini ya fundi anayemtazama fundi mwenziwe. Akauliza kama navua. Nikamwambia nimezaliwa kwenye mtumbwi, ambalo lilikuwa chumvi tu, lakini lilitosha. Tangu hapo namwita Mzee. Nilimweleza maana yake na akaipokea kama cheo. Siku hizi nikimwita kwa jina lake halisi haitiki upesi.

Ziwa analonipeleka ni Kentucky Lake. Limetengenezwa na watu: TVA, shirika la serikali ya Marekani, liliuzuia mto Tennessee kwa bwawa, kazi ikakamilika mwaka 1944, maji yakarudi nyuma kama kilomita 300 hadi ndani ya jimbo la Tennessee. Pembeni yake kuna pacha wake, Lake Barkley, kwenye mto Cumberland, lililofuata mwaka 1966, na mfereji unaunganisha mawili hayo. Kuna mji ulizama. Uliitwa Birmingham, na watu walihamishwa maji yalipokuwa yanakuja. Mimi niliyekulia kwenye ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka, lisilo na mtu awezaye kusema analikumbuka likiwa kavu, nilichukua muda kuzoea ziwa ambalo wazee wanakuonyesha kwa kidole palipokuwa barabara.

Na ni ziwa lenye funguo. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Majira ya baridi TVA hulishusha hadi futi 354 juu ya usawa wa bahari, ili pawe na nafasi ya kupokea mafuriko. Kuanzia tarehe 1 Aprili wanalijaza pole pole, mpaka ikifika Mei mosi liko futi 359. Futi tano, mita moja na nusu. Kwenye ukingo wa mteremko mkali hutaona kitu, ila kwenye vihori vyenye kingo za tambarare maji yanatambaa mbali sana. Vichaka vilivyosimama pakavu mwezi wa Tatu, ambavyo ulipita ukavisugua kwa suruali, mwezi wa Nne vinalowa miguu, kisha magoti. Na huo ndio wakati krapi anatafuta mahali pa kutaga penye vijiti vya kumsitiri.

Kinachomwita ni joto. Maji yakipanda kufikia nyuzi 16 za Selsiasi madume wanatangulia kuingia pembeni, na kati ya hapo na nyuzi 20 kazi inafanyika. Mzee hana kipimajoto, au anacho na hakitumii. Yeye anatazama miti. Kuna mti mdogo wa maua ya zambarau, redibadi, ukichanua anaanza kupaka mafuta rili zake, yale magurudumu ya kukunjia mshipi. Kuna mwingine wa maua meupe, dogwudi. Huo ukichanua anaomba likizo. Katikati ya hapo baridi hurudi ghafla mara mbili au tatu, na watu wa huku wameyapa mapigo hayo majina ya miti: kipupwe cha redibadi, kipupwe cha dogwudi, kipupwe cha blakiberi. Mwaka wangu wa kwanza tulifika asubuhi baada ya kipupwe cha dogwudi. Upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma usiku kucha na maji yamepoa. Samaki walikuwa wamerudi nyuma kwenye kina, hawataki hata kutazama. Tulipata wanne. Nilijua baridi ya Marekani ya mwezi wa Kwanza, sikujua kwamba inaweza kukufuata hadi kwenye maua.

Safari ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kutoka Louisville, na njiani kuna mstari usioonekana ambapo saa inarudi nyuma kwa saa moja. Unaondoka saa tisa usiku, unaendesha saa nzima na zaidi, unakuta bado si saa kumi. Nilipomweleza Mzee kwamba isitoshe sisi Waswahili saa yetu inaanza kuhesabiwa asubuhi, akawaza kidogo halafu akasema basi ndani ya gari hili kuna saa tatu na hakuna hata moja inayoonyesha muda wa kahawa.

Vifaa ni vichache. Leseni, ambayo huku huisha mwisho wa Februari hata kama uliikata Januari, kwa hiyo mjinga hukata Januari (nilikata Januari). Suruali ya mpira inayofika kifuani. Ufito wa futi kumi, mrefu na mwepesi, kwa sababu huurushi mshipi; unaushusha. Vidagaa hai kwenye ndoo ya povu, dazeni tatu. Na jigi, yaani ndoana ndogo iliyomiminiwa kichwa cha risasi kisichofika gramu mbili na kuvalishwa kisketi cha plastiki. Rangi ya kisketi ina wafuasi wake kama timu za mpira. Mzee ni wa kijani na nyeusi, mimi sina dini.

Unakiendea kichaka pole pole, unaburuta miguu badala ya kuinyanyua, kwa sababu tope likichafuka mbele yako umejitangaza. Unatafuta tundu kati ya matawi, upana wa sahani. Unanyoosha ufito juu yake na kuachia mshipi ushuke wima, kama mtu anayetumbukiza uzi kwenye sindano akiwa amesimama hatua nne mbali. Chambo kikae juu ya samaki, kamwe kisikae chini yake. Macho ya krapi yako juu kichwani na mdomo wake umeelekea juu. Kinachopita chini ya kidevu ni kama hakipo. Nusu mita chini ya kiboya, mara nyingine pungufu ya hapo.

Halafu unangoja kitu ambacho mtu wa mshipi wa Kigoma hakijui. Kiboya si lazima kizame. Mara nyingi kinalala ubavu. Samaki amekuja kutoka chini, amekimeza chambo na kuendelea kupanda nacho, ile risasi haivuti tena, kiboya kimekosa uzito wa kukisimamisha, kinajilaza juu ya maji taratibu kama mtu aliyechoka. Siku ya kwanza nilikitazama kikilala mara tatu, nadhani ni mawimbi, mpaka Mzee akaniuliza kama nangoja samaki anipigie simu.

Nikajua. Cha nne kilipolala nikavuta, nikavuta hasa, kama ninavyomvuta kuhe wa kwetu. Mshipi ukarudi mwepesi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ndoana ilirudi na kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha, chembamba na cha kuangaza kama ganda la ndani la kitunguu. Huo ndio mdomo wa karatasi. Mzee akanichukulia krapi mmoja kutoka kwenye boksi lake, akamfungua kinywa na kumwelekeza kwenye jua: kati ya mfupa wa taya na shavu kulikuwa na dirisha, mwanga ukapita. "Usimvute," akasema. "Mnyanyue." Nusu ya uvuvi huu iko kwenye tofauti ya maneno hayo mawili.

Sasa dume. Krapi mweusi wa kawaida ni wa fedha yenye madoa. Dume aliyeko kwenye kiota si wa kawaida. Anageuka mweusi ti, kichwa, koo na kifua vyote vimeingia giza, mpaka madoa yanapotea ndani ya weusi. Ukimtoa majini unadhani umevua kipande cha mkaa chenye mapezi. Ndiye aliyekuja mapema, akafagia mahali kwa mkia, akamngoja jike. Jike anataga mayai kwa makumi elfu na kurudi zake kwenye kina. Dume anabaki. Anayapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na yasifunikwe na tope, anamfukuza kila anayesogea, na kula kwake kunapungua. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili hadi tano kutegemea joto, naye bado yupo, hadi vitoto vitawanyike. Kwa hiyo unaposhusha chambo kwenye tundu lile, mara nyingi anayekipiga hana njaa. Anakitoa nje ya nyumba yake.

Hapo ndipo sentensi ya baba mdogo inaponishika.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa kuhe. Kuhe ni samaki mkubwa wa Tanganyika ambaye dume na jike hulinda watoto kwa pamoja. Ukitazama chini siku maji yametulia unaona wazazi wawili wakubwa na katikati yao wingu la vitoto linasogea kama moshi. Babu alikuwa akiliona wingu hilo anapiga kafi anapita. Hakuwahi kutupa hotuba juu yake. Akisema sana alisema, "Hao wana kazi." Wakati huohuo, hatua mia kutoka pale, watu walikuwa wanaburuta kokoro kutoka ufukweni, wavu unakomba mazalia yote, mayai, vitoto na majani. Kokoro ni haramu na kila mtu anajua ni haramu. Sitaki kumfanya babu kuwa mtakatifu: alikuwa na mashamba ya michikichi, alikuwa anaweza kupita.

Nilimuuliza Mzee, kwa namna yangu ya kuzunguka. Hakuzunguka. Akasema amevua vichaka hivi tangu akiwa na miaka sita na samaki bado wapo. Hilo si jibu, watu wa dagaa nao walisema hivyohivyo. Lakini nilipoanza kufuatilia niliona kwamba kuna jibu, na si baya. Krapi huanza kuzaa akiwa na miaka miwili au mitatu. Kwenye ziwa hili aliyepungua inchi kumi, yaani sentimita 25 hivi, lazima arudishwe. Unampima mdomo umefungwa na mkia umebanwa, na askari wa wanyamapori akikukuta na wa inchi tisa na nusu hakusikilizi. Kichwa na mkia havikatwi mpaka umemaliza kuvua. Wataalamu wa samaki wanasema idadi ya vitoto vinavyofikia ukubwa haiendi sana na wingi wa wazazi, inakwenda na maji: yalipanda lini, yalikaa muda gani, upepo ulivurugaje, baridi ilirudi mara ngapi, kulikuwa na chakula kiasi gani. Ndiyo maana mwaka mmoja unazaa kizazi kikubwa kinachovuliwa kwa miaka kadhaa, na mwaka unaofuata hauzai cha maana.

Halafu kuna hili, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote: krapi hauzwi. Ni samaki wa mchezo, sheria inakataza. Huwezi kumpeleka sokoni, hakuna tajiri anayekungoja ufukweni na mizani. Nilipomweleza baba mdogo jambo hili alicheka kwa mara ya kwanza. "Samaki hana bei?" akasema. "Basi hao hawataisha." Kwake yeye ndoana, wavu, msimu wa kuzaa, yote hayo ni maneno madogo. Kinachomaliza samaki ni bei.

Nusu yangu inakubali. Nusu nyingine inakumbuka kwamba huko Ontario, Kanada, samaki waitwao besi, ambao ni jamaa wa damu wa krapi na madume yao hulinda viota vilevile, msimu wao hufungwa kwenye sehemu nyingi hadi Juni, kwa sababu hiyohiyo ya kiota. Kwa hiyo si kwamba Wazungu hawajawahi kuliwaza. Wameliwaza, wakaamua kwa besi hivi na kwa krapi vile. Na siku hizi kuna vyombo vya sauti vinavyomwonyesha mvuvi samaki mmoja mmoja kwenye kioo, anamwona akisogea, anamfuata kama mtu anayecheza gemu. Mzee anavichukia vyombo hivyo kwa moyo wote. Nilimuuliza kama kumvua samaki aliye kwenye kiota ni tofauti sana na kumwona kwenye kioo. Akasema, "Mimi lazima nilowe." Nimeshindwa kuamua kama hiyo ni hoja.

Jikoni ndiko kusikokwepeka. Mzee anapofika nyumbani anachukua kisu cha umeme, anatoa minofu miwili kwa kila samaki, na kilichobaki, kichwa, mifupa, ngozi, kinaelekea kwenye ndoo ya taka. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya ndoo. Tangu hapo tuna mkataba, vichwa ni vyangu. Yeye anaipaka minofu unga wa mahindi na kuikaanga kwenye mafuta mengi, na siwezi kusema uongo, ni tamu kupita kiasi, nyama nyeupe laini isiyo na harufu ya tope. Vichwa navipeleka kwa jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, ambaye ni mtu wa ziwa langu upande wa pili. Anavipika kwa mawese, nyanya na pilipili, na mawese hayo anayapata kwa njia zake ambazo siulizi. Kila mara anauliza, "Samaki gani huyu asiye na mafuta?" na kila mara sufuria inabaki nyeupe.

Mwaka ule wa 2024, baada ya ile simu, nilitoa samaki waliokuwa wamebaki kwenye friza kuwapaa. Watatu walikuwa majike ambao hawakuwahi kutaga. Unaingiza ncha ya kisu karibu na mkia, unapandisha kuelekea kifuani, na tumbo linafunguka lenyewe kwa kujaa. Ndani kuna mifuko miwili, ya manjano iliyoiva, imelala sambamba kama vidole, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba unaona punje moja moja. Nyumbani mayai hayo ni ya kugombaniwa. Mama alikuwa anayakaanga na chumvi tu, mkubwa anapewa kwanza. Niliyakaanga. Nilikula nimesimama pale jikoni, peke yangu, na yalikuwa matamu, nikaosha kikaango.

Siku hizi nimejiwekea utaratibu wangu, ambao Mzee anauona ni upuuzi na pengine kwa hesabu ni upuuzi kweli. Jike nachukua. Dume mwenye rangi yake ya fedha nachukua. Dume aliyegeuka mweusi kabisa namrudisha. Najua haina mantiki: jike niliyemchukua ana mayai tumboni, dume niliyemrudisha amechoka na ana tundu mdomoni, na wakati niko naye mkononi samaki wadogo wanaweza kuwa wameshavamia kiota chake. Sikuupata utaratibu huu kwenye kitabu. Nimeupata kwa mtu aliyekuwa akipiga kafi akapita.

Mwezi wa Nne uliopita dogwudi zilichanua mapema na tulipata asubuhi moja ya ajabu, hakuna upepo, maji ya rangi ya chai ya rangi. Tulikuwa kwenye kihori kimoja, hatua ishirini kati yetu. Mimi nilikuwa na 13. Mzee alikuwa na 19 na ameshaanza kuimba kwa pua, ambayo ni dalili. Nikashusha kwenye tundu la kichaka kikubwa, kiboya hakikulala hata, kilizamishwa. Nikamnyanyua: mkaa mtupu, sentimita 27 au 28, pezi la mkia limechanika pembe moja kwa kufagia. Nikamtoa ndoana ndani ya maji, akazama. Nikabadilisha kidagaa, nikashusha tundu lilelile kwa mazoea tu, bila kufikiri. Kikazamishwa tena. Nikamnyanyua. Pezi la mkia limechanika pembe moja, na upande wa kulia wa mdomo kuna tundu jipya, mwanga unapita.

Nilimshika muda kidogo kuliko inavyofaa. Mashavu yake yalikuwa yanafunguka na kufunga. Nikamwachia, nikakunja mshipi, nikaanza kuburuta miguu kuelekea kichaka kingine.

"Umemaliza naye huyo?" Mzee akauliza nyuma yangu.

Nikamwambia nimemaliza.

Sikugeuka, lakini nilisikia maji yakisogea taratibu, hatua kwa hatua, mtu asiyechafua tope. Kisha kimya. Kisha ile sauti ndogo ya mshipi ukikaza.

"Ishirini," akasema.